Kisu cha Hobert Slone Kilikuwa Safi Mno

Mpelelezi Delphia Stidham aliviweka mezani visu viwili vya kukunja, kila kimoja ndani ya mfuko wake wa plastiki, akavisukuma mbele ya Sherifu Garnet Combs kwa nguvu hadi kahawa ya mkubwa wake ikamwagika.

"Umemfungia mtu kwa hiki," alisema, akigonga mfuko wa kushoto. "Na hiki cha pili hukukitazama hata mara moja."

"Delphia, dada yangu, hebu punguza..."

"Usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa, Garnet. Saa tisa Estill Fugate anapandishwa kwa hakimu kwa kumuua baba mkwe wake. Sasa ni saa nne na nusu. Nisikilize."

Sherifu alifuta kahawa kwa mkono wa shati. Kesi hii aliiona imekwisha tangu juzi. Hobert Slone, mzee wa miaka sabini na mmoja aliyemaliza ujana wake wote kwenye machimbo ya makaa, alikutwa Jumamosi asubuhi kwenye kibaraza cha nyuma cha nyumba yake, kachomwa mara moja tumboni. Alhamisi, siku mbili kabla, Estill, mume wa binti yake, alikuwa amemfokea mbele ya watu kwenye kituo cha mafuta kwamba asipohama chini ya ule mlima wa kifusi cha mgodi unaotishia kuporomoka atamuua yeye mwenyewe kabla mlima haujamuua. Polisi walipompekua Estill wakamkuta na kisu mfukoni, na kisu kina damu. Kwa Garnet hayo yalitosha kabisa, maana uchaguzi wa sherifu uko karibu na watu walitaka jina.

Delphia alivaa glavu, akakitoa kisu cha Estill. Kilikuwa cha aina ambayo nusu ya wanaume wa kaunti ile huibeba: bapa moja, mpini wa mbao uliozungushiwa utepe wa umeme, na kufuli mgongoni, kile kipande cha chuma kinachonasa bapa likifunguka ili lisikurudie vidoleni. Alikifungua. Kufuli ikalia kidogo, kinyonge. Akakishika mpini na kugonga mgongo wa bapa kwenye ukingo wa meza, pigo moja tu la wastani. Bapa likajikunja.

"Umeona? Kufuli imekwisha kabisa. Sasa mchome mtu nacho. Kikigusa mfupa au mkanda wa suruali kitakukata vidole vinne vyako wewe mwenyewe. Estill hana hata mkwaruzo. Nimemshika mikono yote miwili nikamkagua kama mkunga."

"Na damu?"

"Ya kulungu. Alichuna kulungu Ijumaa, nyama iko kwenye friza yake, nimeiona. Na haya makali huwezi kukatia hata siagi."

"Basi alitumia kisu kingine."

"Ahsante. Kipi?"

Delphia akausogeza mfuko wa pili. Hiki kilikuwa kisu cha Hobert mwenyewe, kilichotolewa mfukoni mwa maiti, kimekunjwa. Mpini wake ulikuwa wa pembe ya kulungu iliyogeuka manjano kwa jasho la miaka hamsini, na bapa lake la chuma cha zamani, kile kinachoshika kutu ukikipumulia tu. Mke wake Ocie, Mungu amrehemu, alimnunulia kwenye duka la vifaa wiki waliyooana.

"Hobert alikuwa akifanyia nini kisu hiki?" aliuliza Delphia.

"Kila kitu. Alikatia tumbaku ya kutafuna, tufaha, alichongea vigingi, alikwangulia buti. Nani asiyejua?"

"Sasa chukua lenzi. Tazama ndani ya mpini, kwenye pengo la kufuli."

Sherifu akatazama, akanyanyua uso, akatazama tena.

"Pasafi," alisema.

"Mfuko wa suruali yake umejaa vumbi la tumbaku, lakini humu hamna hata chembe. Kuna mafuta mepesi, mapya, yamewekwa tone moja kwenye kiungo na tone moja kwenye kufuli. Na alama za vidole hakuna. Garnet, mtu anabeba kisu miaka hamsini, tunamkuta amekufa nacho mfukoni, halafu alama za vidole vyake mwenyewe hazimo! Kimeoshwa. Hiki ndicho kilichomuua."

"Sawa, muuaji amefuta kisu. Wauaji wote hufuta."

"Kufuta ni shati na nusu dakika. Huku kusafisha mpaka chini ya springi ni kazi ya mtu aliyekaa chini. Na alikaa." Delphia akatupa picha mezani. Ilikuwa ya sakafu ya kibaraza. Katikati ya damu iliyokauka palikuwa na miduara minne midogo, mikavu, imejipanga pembe nne. "Miguu ya kiti. Damu ilikizunguka kiti ikiwa bado inatoka, kisha mtu akakirudisha ukutani. Siku mbili nimejiuliza ni nani anayekaa kitini mbele ya mtu anayekata roho. Daktari anasema Hobert aliishi nusu saa, na kwamba angefikishwa hospitali angepona. Hospitali iko dakika kumi na mbili kwa gari. Simu ilikuwa juu ya meza ya jikoni."

Alisema hayo ya mwisho kwa sauti ya chini, na Garnet, aliyemjua kwa miaka kumi na tisa, akasogeza kiti chake nyuma kidogo.

"Nipe mpaka saa nane," alisema Delphia.

Mbele ya mahakama ya mji wa Pruett kuna benchi refu la mwaloni ambalo wazee hukaa kuchonga vijiti visivyokuwa na matumizi yoyote na kubadilishana visu. Hapo ndipo visu vinapojulikana kuliko wenye visu. Jumatatu ile walikuwa watatu, maganda ya mierezi yamewafunika viatu. Burl Hensley, dereva wa zamani wa treni ya makaa, ndiye aliyekuwa na mdomo mpana kupita wote.

"Ee, serikali imekuja! Ficheni visu, huyu mama hana mzaha."

"Sogea, Burl. Una makalio kama behewa."

Wenzake wakacheka. Burl akasogea, akampa kisu chake akitazame kama ilivyo adabu ya benchi, kikiwa kimefunguliwa. Delphia akakitazama, akakisifia kidogo, akamrudishia vilevile kikiwa wazi. Ukifunga kisu alichokifungua mwenzako benchi zima linakununia mpaka jioni.

"Hobert alikuwa anatia mafuta kisu chake?"

"Hobert!" Burl akatema mate pembeni. "Labda mafuta ya nguruwe, yakimdondokea kwa bahati mbaya. Kisu chake kilikuwa kinanuka tumbaku na tufaha bovu. Nilimwambia, Hobert, siku moja hicho kisu kitaota mche."

"Na nani hapa anasafisha mpaka ndani ya kufuli?"

Kicheko kikaisha. Wote watatu macho yao yalikwenda mwisho wa benchi, mahali palipokuwa patupu.

"Mwalimu Lowell," alisema Burl hatimaye. "Lakini yule ni mtu wa vitabu, Delphia. Ukimpa kisu chako akione, anakurudishia kimeoga. Ana kichupa chake cha mafuta, vijiti vya meno amevisokotea pamba, yote kwenye kikebe mfukoni. Huwa tunamtania kwamba mkewe hakupata kushikwa hivyo."

"Hajaja leo?"

"Tangu Ijumaa hajaja. Ijumaa asubuhi Hobert alikaa hapo ulipokaa wewe, akakwangua tope la buti na kile kisu cha pembe. Lowell alikuwa amembembeleza mwaka mzima amwachie. Anasema vilitengenezwa vichache, kiwanda kikafungwa, kwamba wakusanyaji wanavitafuta mpaka Texas. Hobert anamjibu, alininunulia Ocie, nitazikwa nacho. Sasa siku ile Lowell akamwambia, 'Hobert, hiyo ni dhambi.' Hobert akakichovya kwenye tope akakwangua buti la pili, makusudi, huku anamtazama. Tukacheka sana." Burl akakunja kisu chake. "Lowell hakucheka. Alisimama akaenda zake."

"Na hukuona vyema kuniambia hayo toka Jumamosi?"

"Wewe, ni ugomvi wa kisu! Hapa tunagombana kwa visu kila siku, nani anauana?"

"Estill angefungwa maisha, Burl, nyinyi mmekaa hapa mnachonga kuni!" alifoka Delphia, akasimama. Burl aliinamisha kichwa, akaanza kukusanya maganda kwa mguu kana kwamba kuna mtu atakuja kukagua usafi.

Mwalimu Lowell Prater alikuwa amefundisha hesabu nusu ya kaunti ile, Delphia mmoja wao. Alipopigiwa simu alikuja mwenyewe, amevaa tai, kofia mkononi. Delphia akamkalisha kwenye chumba cha mahojiano, akamwonyesha kamera, akamsomea haki zake neno kwa neno: anaweza kunyamaza, anaweza kuita wakili, atakachosema kitatumika.

"Binti yangu, mimi wakili wa nini? Niko tayari kusaidia. Hobert alikuwa rafiki."

"Nashukuru, mwalimu. Tangu asubuhi sijala. Utaniwia radhi nikila mbele yako?"

Alitandaza gazeti mezani, akatoa tufaha na kipande cha paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi. Kisha akatoa mfukoni kisu cha kukunja cha marehemu baba yake, cha mpini wa mfupa, cha chuma kilekile cha zamani. Macho ya mwalimu yalikirukia.

"Hiki cha mwaka gani?"

"Sijui. Nakatia chakula tu."

Alikata tufaha. Alikata nyama, chumvi ikaganda kwenye bapa pamoja na maji ya tufaha, nyingine ikaingia ndani ya pengo la kufuli. Aliuliza maswali mepesi, alimwona Hobert lini, walikuwa wakizungumza nini, na Lowell akajibu vizuri, kwa sentensi kamili, lakini kila jibu alilielekeza kwenye kisu. Delphia akakiweka chini kikiwa wazi na kimelowa, upande wa mwalimu.

"Nakuletea kahawa," alisema, akatoka.

Nyuma ya kioo Garnet alikuwa amesimama na sandwichi mkononi. Delphia akabonyeza saa yake.

"Unafanya nini?"

"Tazama tu."

Dakika ya kwanza Lowell alikaa wima, mikono mapajani. Ya pili akaanza kusugua magoti. Akatazama mlango. Akatazama kisu. Kisha leso ikatoka mfukoni, akalishika bapa kwa upande wa mgongo, akalifuta taratibu kutoka kwenye mpini kuelekea nchani, akageuza leso, akafuta tena. Akatoa kikebe. Alichagua kijiti chenye pamba, akabonyeza kufuli, akaingiza pamba kwenye pengo, akazungusha, akakitazama kijiti kwenye mwanga, akachukua kingine. Alitumia vijiti sita. Alipomaliza akafungua kichupa, tone moja kwenye kiungo, tone moja kwenye kufuli, akakunja na kukunjua mara tatu, akasikiliza mlio wake. Hakutazama kamera hata mara moja. Uso wake ulikuwa umetulia kama wa mtu anayemlaza mtoto.

Garnet alikuwa ameacha kutafuna.

"Dakika kumi na nne," alisema Delphia. Sauti yake ilikuwa kavu. "Na hiki kilikuwa na chumvi tu."

Aliingia bila kahawa. Akakaa, akavaa glavu, akakichukua kikebe na kichupa, akavitia kwenye mfuko, akaandika tarehe na saa. Lowell alitazama mikono yake mwenyewe kana kwamba imemsaliti.

"Mazoea," alisema.

"Najua. Kisu cha Hobert nacho kimefanyiwa mazoea hayohayo. Tone moja, tone moja. Maabara itayalinganisha mafuta hayo na haya, mwalimu, na pamba kwa pamba. Ulinifundisha kwamba mizani ikilingana pande zote, jibu limepatikana. Nakukumbusha, unaweza kunyamaza."

Delphia akafungua daftari, akashika kalamu.

"Alikuwa anafungulia kopo la rangi," alisema Lowell ghafla. Na hapo kwa mara ya kwanza sauti yake ilipanda. Alikuwa na hasira, hasira ya kweli, ya mtu aliyedhulumiwa. "Kwa ncha! Nimekwenda kwake kwa heshima, nimembembeleza mara ya mwisho, namkuta kwenye kibaraza ameichomeka ncha chini ya kifuniko cha kopo, anaipinda! Vimebaki visu kumi na moja kama kile duniani, Delphia. Kumi na moja! Na yeye anakipinda kile kimoja mbele yangu huku anacheka!"

"Ukamnyang'anya."

"Nilikichukua. Nilikichukua kukiokoa. Akanijia kukidai, akanisukuma, akanitukana... Sijui. Kilikuwa mkononi mwangu."

"Kisha?"

"Kisha kilikuwa na damu."

"Hobert alikuwa na damu."

"Damu ina chumvi," alisema Lowell, kwa subira ya mwalimu anayerudia somo. "Chuma kile, ukiiacha damu saa moja inaanza kula. Ikiingia kwenye kufuli ndiyo basi, huitoi tena bila kung'oa misumari ya mpini, na ukiing'oa hakina thamani tena. Hakukuwa na la kusubiri."

"Ukavuta kiti."

"Mimi ni mzee. Siwezi kuifanya kazi ile nimesimama."

Kalamu ya Delphia ilikuwa ikienda yenyewe. "Halafu ukamrudishia mfukoni."

"Kikipotea mngenijia mimi wa kwanza. Nilifikiri Loma, binti yake, hana haja nacho. Baada ya mazishi ningemwomba."

"Estill je? Ulisikia amekamatwa."

"Nilisikia." Akarekebisha tai. "Nilifikiri mtagundua wenyewe si yeye."

"Hobert alikuwa hai muda huo wote, mwalimu. Alikuwa akisema?"

Lowell akatazama gazeti lililotandazwa, makombo ya tufaha yakiwa juu yake.

"Alikuwa anaomba maji."

"Mara ngapi?"

"Mara nyingi."

"Bomba la jikoni liko hatua sita kutoka pale. Nimezihesabu." Alikuwa amesimama bila kujijua, viganja juu ya meza, na sauti yake ilisikika mpaka korido. "Hatua sita! Mtu uliyekaa naye benchi moja miaka ishirini anakuomba maji, anakuita kwa jina lako, kwa nini hukumpa maji?"

Mwalimu alinyanyua uso. Alionekana kushangazwa na swali.

"Mikono yangu ilikuwa na mafuta," alisema.

Garnet akafungua mlango. Aliingia yeye mwenyewe na pingu, mwekundu shingoni. Walimsimamisha mzee. Alikubali kufungwa vizuri tu, akatoa mikono kwa adabu. Kwenye mlango akasita, akageuka.

"Delphia. Kile kisu. Msikiache kwenye plastiki, tafadhali. Plastiki inatunza unyevu. Kikae mahali pakavu, kifungwe kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, hata mtu mmoja tu akikigusa mara moja kwa mwezi..."

"Ni kielelezo," alisema Delphia. "Hakuna anayeruhusiwa kukigusa. Kitakaa kwenye plastiki, kwenye stoo ya chini ya mahakama, ile inayovuja, mpaka kesi iishe. Na rufaa. Miaka mitatu, minne. Na kila siku utakayosimama kizimbani nitakileta mimi mwenyewe nikiweke mbele yako, ukione kimefikia wapi."

Hapo ndipo Lowell Prater alipolia. Alilia kwa sauti, mabega yakimruka, akamwegemea Sherifu ili asianguke, na Garnet, asiyejua la kufanya, akamshikilia.

Delphia aliwapita bila kuwatazama. Ilikuwa saa nane kasorobo. Alichukua funguo za mahabusu kwenye msumari, akaenda kumtoa Estill.